Neno Nililomuambia Berthe

Jumamosi, 4 mwezi wa tatu 2023. Butembo

Nimepata kazi! Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya jikoni, telefone ikalia. Namba siijui. Sauti ya mama moja, Kiswahili ya batu ya Kasai, inapanda na kushuka: Ni Vagheni? Unaweza kufika Beni Jumatatu, saa moja na nusu? Nikasema ndiyo mbele ya kuuliza ni kazi gani. Muchi ingali mukononi.

Ni ile association ndogo inatafutaka bazazi ya batoto bale balipotezana na familia yao juu ya mashambulizi. Nilifanya stage, mazoezi ya kazi, kwao mwezi moja tu. Kumbe balinikumbuka. Assistante sociale, mutumishi wa ustawi wa jamii! Miaka tano ya masomo, na mimi nilikuwa nafikiri nitazeeka na ile diplome mu sanduku.

Papa alicheka, akaita bajirani. Mama hakucheka. Beni? Kule banakatakata batu? Akaenda kufunga viazi na maharagi mu gunia bila kuniangalia.

Jumatatu, 6 mwezi wa tatu. Beni

Bureau, ofisi yetu, ni vyumba mbili, mabati ya manjanja juu, kiti tatu. Chef wangu ni Mama Clémence Ngalula, ile sauti ya telefone. Alifika huku na mume wake, mutumishi wa serikali. Mume alikufa, yeye akabaki. Mutu mukubwa wa mwili, anatembea pole pole, hakuna kitu inamushitusha.

Alinipatia gilet, kizibao ya kazi, ya ule mwenye alitumika mbele yangu. Ni kubwa, inafika ku magoti.
— Alienda wapi?
— Alichoka.
Basi. Jibu yote ni ile.

Batoto makumi tatu na moja, bote juu yangu. Ku masomo tulikuwa tunafuata mutoto moja, tuko batu sita, mwezi muzima!

Mama Clémence ameniambia: hapana kulia mbele ya batu. Kama machozi inakuja, sema unaenda kupiga telefone.

Nimepiga telefone mara mbili leo.

Alhamisi, 16 mwezi wa tatu

Leo nimemuona Berthe. Miaka tisa. Iko kwa Mama Anne-Marie, mujane mwenye anauzishaka mafuta ya mawese na chumvi mbele ya nyumba yake. Alimupokea bila kumujua, siku ile batu balikuwa banakimbia kutoka Mbau.

Dossier inasema hivi: mwezi wa kumi, mashambulizi mu mashamba ya kakao. Mama ya mutoto alikufa pale pale, batu balimuzika, Berthe aliona kaburi. Papa yake, anaitwa Mathe, alipotea. Hakuna mwenye anajua.

Mutoto anaikala ku gurudumu ya zamani mbele ya parcelle, kiwanja ya ile nyumba, kutoka asubuhi, anaangalia batu benye kutoka upande wa Mbau. Kila pikipiki. Kila kamyo. Masomo anakatala. Nilimuuliza juu ya nini. Akasema: na kama papa anapita wakati niko mu darasa?

Akaangalia gilet yangu.
— Ni wewe njo unatafutaka batu?
— Ndiyo.
— Unaanziaka wapi?

Niliandika lile swali mu dossier, pale banaandikaka "tabia ya mutoto".

Mama Anne-Marie alinisindikiza mpaka ku njia. Akasema: hata mvua ikinyesha anabaki pale, mama. Namuvutaka na nguvu. Analala na viatu.

Ijumaa, 31 mwezi wa tatu

Nimepata mutu! Éphraïm, motard, mutu wa pikipiki, wa kule Mbau. Mwezi wa kwanza alikuwa na batu ya kijiji benye balienda kutoa maiti mu pori. Maiti ilikuwa ya banaume ine, mikono imefungwa. Moja alikuwa Mathe.

Niliuliza: uliona uso? Akaangalia chini.
— Mama, uso haikuwa tena ya kuangalia. Mais lakini shati ni yake. Ile ya bulu, mufuko imeshonwa na uzi mwekundu, bibi yake njo alishona. Nilimubebaka kila siku ya soko, huyu Mathe. Shati yake naijua.

Mwalimu wetu alikuwa anasema: habari ya kifo inatoka ku vinywa mbili, chini ya mbili munanyamaza. Niko na kinywa moja na shati. Niliita chef wa kijiji siku ine, telefone haipiti. Njia ya kule imefungwa.

Nilimuambia Mama Clémence: tungoje kidogo. Akavua miwani yake, akasugua macho.
— Tungoje mpaka lini? Ule mutoto anaoza pale ku njia. Akijua, atalia. Akisha kulia, atasoma. Umuambie, Vagheni.

Anasema sawa vile iko rahisi. Mais mimi pia nilikuwa nataka ile ikwishe. Naandika hapa sababu hakuna mwenye atasoma: nilichoka kupita mbele ya lile gurudumu.

Jumatatu, 3 mwezi wa ine

Nimemuambia.

Tuliikala ndani ya nyumba ya Mama Anne-Marie, mimi ku kiti ya mbao, Berthe ku kitanda. Nilifanya vile tulifundishwa: sauti ya chini, maneno fupi, hapana kusema "alilala", hapana kusema "alienda mbali". Nikasema: Berthe, papa yako alikufa. Batu bale balimuua mama balimuua na yeye. Hatarudi.

Hakulia. Aliniangalia kinywa, sawa vile neno ingine ilikuwa inabaki mule.
— Balimuzika na viatu?
— Sijui.
— Ni sababu miguu yake inapataka baridi.

Halafu akavua viatu yake mwenyewe, akaziweka chini ya kitanda, akalala. Saa ine asubuhi! Alilala mpaka jioni.

Mimi nilienda kupiga telefone. Nilikaa nyuma ya choo ya bajirani, telefone ku sikio, hakuna mutu upande ingine.

Jumapili, 23 mwezi wa ine

Misa ya Papa Mathe. Mama Anne-Marie alilipa nia ya misa, padri akasoma jina. Berthe alinyolewa kichwa, akavaa nguo nyeupe balimukopesha. Avenue muzima, mutaa wote, ilikuya, na sahani ya bugali na maharagi. Mara ya kwanza alilia — kweli alilia, na sauti, batoto bengine balimushika. Mama Clémence alinibonyeza mukono. Unaona?

Kesho anaanza masomo.

Jumamosi, 27 mwezi wa tano

Berthe amesoma mbele yangu ukurasa muzima, kidole chini ya maneno. Anamuita Anne-Marie mama. Mu rapport niliandika "maendeleo mazuri sana", Mama Clémence akaituma kwa bakubwa, bakanipongeza.

Leo sina mengine. Nilikula samaki.

Jumatano, 12 mwezi wa saba

Saa tatu, telefone. Militaire balitoa batu munane mu pori, benye balikuwa bametekwa. Banataka mutu wa kuja kuandika majina, kama kuko batoto benye tunafuata.

Mutu wa kule alinisomea liste. Jina ya tano: Mathe, mulimaji, wa upande wa Mbau, bibi alikufa, mutoto moja mwanamuke.

Nilimuomba asome tena. Nilimuomba asome tena.

Batu benye kuitwa Mathe ni mingi. Kila familia ya Banande iko na Mathe wake. Nimejiambia vile siku muzima.

Alhamisi, 13 mwezi wa saba

Ni yeye.

Balimulaza mu kituo cha afya, chumba ya mwisho. Askari moja alinionyesha na kidevu: Mama, ye wana, ni ule pale. Nikaona mutu amekaa ku kitanda, magoti ni makubwa kuliko mapaja. Nywele imekuwa ya rangi ya majani makavu.

— Ni wewe wa batoto?
— Ni mimi, papa.
— Ya bibi yangu, hapana kuniambia. Niliona. Niambie ya mutoto.
— Iko. Iko muzima, iko Beni hapa, anasoma.

Alicheka. Meno ya mbele haiko tena. Akasema kule pori alikuwa anahesabu kila mwezi: sasa Berthe iko na miaka tisa na mwezi moja, sasa miezi mbili. Usiku alikuwa anamuelezea habari ya siku, pole pole, basimusikie. Aliniuliza: anajua niko njiani?

Nikasema naenda kumuambia.

Niliuliza juu ya shati ya bulu. Alishangaa namna nilijua. Siku ya kwanza balibavua bote, bakachanganya nguo, huyu akavaa ya ule. Shati yake ilienda ku mwili ya mwalimu moja wa Oicha. Balimuua mwezi wa kwanza na benzake batatu.

Basi kuko nyumba ingine kule Oicha, mutu anangojwa mpaka leo. Na nani ataenda kubaambia? Mimi?

Sikumuambia Mathe kama tulimufanyia matanga.

Ijumaa, 14 mwezi wa saba

Mama Clémence alisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akafunga dirisha, akaikala tena.
— Ni mimi njo nilikutuma.
— Ndiyo, chef.
— Mais ku karatasi ni jina yako.
— Ndiyo.
— Mimi ningesema na bakubwa. Mais nabakisha mwaka moja ya kazi, Vagheni. Batoto yangu bangali mu masomo.

Hakusema mubaya. Alisema na huzuni, kama mutu anaomba ruhusa. Ningekuwa yeye, pengine ningesema vile vile. Iyo njo inaniumiza.

Jumamosi, 15 mwezi wa saba

Ile nyumba tena. Kiti ile ile ya mbao.

— Berthe, papa yako iko muzima.
— Hapana. Alikufa.
— Nilikosea. Balinidanganya na shati, na mimi nikaamini. Iko muzima, anataka kukuona.
— Alikufa. Wewe ulisema. Hapa, ku hii kiti. Balininyoa.

Akashika nywele yake, zimeota sasa kama vidole mbili. Mama Anne-Marie alisimama ku mulango, vyombo mukononi, hakuweza kusonga. Nikaendelea kusema, kusema, maneno yote ya masomo, mpaka mutoto akanikata.

— Basi na mama naye atarudi?
— Hapana. Mama alikufa kweli. Wewe mwenyewe uliona kaburi.
— Niliona udongo.

Nyamuhanga, Mungu wetu! Nitamuhakikishia na nini? Na kinywa gani?

Ku njia Mama Anne-Marie alinifuata. Hakunipigia kelele, afazali angepiga. Akasema: miezi kenda mu pori, mama, na bale bauaji banamuacha muzima? Pengine sasa iko upande wao. Na munataka nimufungulie mulango. Huyu mutoto alianza kulala bila viatu, unajua ni kazi gani?

Najua. Niliandika mu rapport.

Jumanne, 18 mwezi wa saba

Tulibakutanisha ku bureau. Mathe alifika mbele ya saa, amenyolewa, suruali ya kukopa imefungwa na kamba. Biskuti mukononi, ya kifuko chekundu. Nilimuambia kwanza ukweli: papa, tulimuambia mutoto ulikufa. Mimi njo nilimuambia. Halafu akauliza: alilia?
— Alilia.
— Sawa.

Alikuwa anageuza biskuti.

Berthe akaingia nyuma ya Mama Anne-Marie. Akamuona. Mathe akasimama, akasema jina yake, mais bila meno jina ilitoka mubaya, kama ya mutu ingine. Mutoto akajikojolea pale, mbele ya bote. Akakimbia. Anne-Marie nyuma yake, kiatu moja ikabaki ku mulango.

Mathe aliinama, akaiokota. Amekua, akasema. Akapima kile kiatu ku mukono yake. Zamani ilikuwa inaishia hapa.

Nilienda kupiga telefone. Safari hii Mama Clémence alinifuata, tukasimama nyuma ya ukuta batu bawili, kila mutu na telefone yake ku sikio.

Alhamisi, 20 mwezi wa saba

Sikuenda kazi. Nilisema malaria.

Niliandika barua ya kuacha. Mustari ine. Nikapasua, nikaandika tena. Niliita Mama ku Butembo. Aliniuliza kama nilikula. Nikasema ndiyo. Akasema rudi ku nyumba, mutoto wangu, ile kazi si ya mutu moja. Ningerudi. Mais Berthe atarudi wapi? Na ule wa Oicha, bibi yake anapika ya batu ngapi mangaribi?

Mu masomo balitufundisha namna ya kuingia ku maisha ya mutu. Ya kutoka, sikumbuki darasa ile. Pengine siku ile nilikosa.

Nimelala mu gilet.

Jumamosi, 22 mwezi wa saba

Naandika niko hapa hapa, ku ngazi ya nyumba ya Mama Anne-Marie. Kaye, hii daftari, ilikuwa mu sakosi, mufuko yangu.

Saa munane Anne-Marie aliita ku telefone: kuya mbio, ule papa iko mbele ya nyumba yangu, peke yake, na batu banajaa. Nilichukua pikipiki. Mathe hakuambia mutu. Alitoka kituo cha afya na miguu, akauliza njia, akafika, akasema ku parcelle: mimi ni papa ya Berthe. Batu bakajibu: papa ya Berthe tulimuombea misa.

Nilipofika, avenue yote ilikuwa inje. Benye balileta bugali ya matanga, ni bao bao. Bamoja na mawe mukononi, habajatupa bado. Bengine balikuwa banasema kuita militaire. Mathe amekaa chini, mu vumbi, mikono juu ya kichwa kama vile alizoea. Mulango imefungwa na ndani Anne-Marie ameegemesha kitanda.

Aliponiona akasema pole pole: mama assistante, baambie jina yangu.

Nikasimama mbele yake. Nikasema jina yake, na sauti yote niko nayo. Nikasema: huyu ni Mathe, mume ya marehemu mama ya Berthe, papa ya huyu mutoto. Mimi njo nilibaambia alikufa. Sikuona maiti, sikungoja kinywa ya pili. Kosa ni yangu, si yake. Kama ni mawe, munitupie mimi.

Halafu muzee moja, Phinées, mwenye anashonaka viatu ku kona, akauliza, bila hasira:
— Mwanzo ulikuwa na hakika. Leo uko na hakika. Sisi tutajua namna gani ni leo njo haukosei?

Nilibaki nimesimama mbele ya Mathe. Mawe haikutoka ku mikono.

Pale sauti ya Berthe ikatoka nyuma ya mulango, chini kabisa, karibu na ufa.
— Mumuulize mbuzi yetu ilikuwa inaitwa nani.

Bote bakamugeukia. Mathe akafunga macho. Midomo yake inatafuta. Anatafuta, anatafuta, jasho inatoka ku paji. Akasema: ilikuwa nyeupe. Akasema: ilikuwa na sikio moja imekatika. Jina haiji. Nimesahau, akasema. Kule nilisahau vitu mingi, Berthe. Akaanza kulia mbele ya bote, bila kufunika uso.

Mama moja nyuma yangu akasema: munaona.

Nikafikiri imekwisha. Halafu Berthe tena, nyuma ya mulango:
— Basi aseme mama iko wapi.

Nikasikia Mathe anaacha kulia. Akanyanyuka, akafuta mikono ku ile suruali ya kukopa, akanikaribia mpaka nikasikia pumzi yake. Alisema ya kusikia sisi bawili tu.

— Nilikuwa pale. Niliona namna gani ilikuwa. Nikimuambia mama yake alikufa, hataamini, sababu na wewe ulimuambia mimi nilikufa. Nikinyamaza, banasema mimi si papa. Wewe ulisoma hii kazi. Ni namna gani banaambiaka mutoto? Nifundishe. Niko nangoja.

Nikamuambia: ngoja kidogo, papa.

Nikaikala ku ngazi, nikafungua hii kaye. Mama Clémence amesema ku telefone iko njiani, mais pikipiki haipatikani, ni siku ya soko. Mathe amesimama mbele yangu, mikono imekutana mbele, kama mutu mbele ya bureau. Nyuma ya mulango nasikia Berthe anapumua. Phinées amenyamazisha batu na mukono.

— Muache mama aandike, anasema. Anaandika jibu.